Robota Hununuliwa kwa Pua: Nyasi Kavu za Shambani kwa Simbilisi

Robota langu la kwanza, yaani furushi la nyasi kavu zilizoshindiliwa na kufungwa kamba, nililinunua kwa macho. Lilikuwa la kijani, kamba zake mbili zimekaza kama ngozi ya ngoma, na mimi nilikuwa nimechoka kununua vifuko vidogo vya nyasi ambavyo simbilisi wangu watatu walikuwa wakivimaliza kabla risiti haijachakaa mfukoni. Nikalipakia kwenye buti ya gari, nikalisukuma hadi stoo, nikalifunika kwa turubai la plastiki na kulibana pembe zote nne ili vumbi lisiingie. Nilijiona mjanja.

Siku ya tano nikachomeka mkono katikati nitoe nyasi za asubuhi, nikaurudisha upesi. Ndani kulikuwa na joto, lile la ubavu wa mtu mwenye homa. Nikakata kamba, likapasuka, na kitu cheupe kikapanda hewani. Nilidhani ni moshi. Kumbe ni vumbi la ukungu, na nililikohoa siku mbili. Tito, Zuwena na Mawingu hawakupata hata unyasi mmoja wa robota lile. Lote lilikwenda shimoni.

Mzee aliyeniuzia hakunidanganya. Sikumuuliza kitu, naye hakunijibu kitu. Mzee mwingine, mfuga farasi, nilipomsimulia alicheka mpaka akashika kiuno, akaniambia, "Binti yangu, nyasi hazinunuliwi kwa macho. Ingiza pua." Tangu siku hiyo naingiza pua, na haya ninayoyaandika hapa ni yale ambayo pua na mikono vimenifundisha, pamoja na machache niliyopata kwa daktari wa mifugo anayewatazama hawa wangu.

Kwanza ujue unamlisha nani

Nyasi kavu, au hei kama wafugaji wengi wanavyoiita, kwa simbilisi siyo kitandiko wala kitafunwa cha pembeni. Ndiyo chakula chenyewe. Meno yake 20 yote hukua maisha yake yote, yale ya mbele yanayoonekana na magego yaliyojificha, na kinachoyasaga yasizidi ni kutafuna nyasi saa baada ya saa. Tumbo lake nalo linaendeshwa na nyuzinyuzi: zikikatika, utumbo unazubaa, gesi inajaa, na simbilisi aliyekaa nusu siku bila kula chochote ni wa kupelekwa kwa daktari, siyo wa kusubiriwa hadi kesho. Ndiyo maana nyasi zinapaswa kuwa mbele yake usiku na mchana, bila kupimwa. Chakula cha vidonge kinapimwa. Nyasi hazipimwi.

Jambo moja ambalo nyasi kavu haziwezi kulifanya hata ziwe nzuri namna gani ni vitamini C. Zikikaushwa, karibu yote huondoka, na simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini mwake. Kwa hiyo robota zuri halikuondolei kazi ya majani mabichi na kipande cha pilipili hoho kila siku.

Sasa wingi. Simbilisi mkubwa wa kilo moja hula gramu 40 hadi 60 hivi za nyasi kwa siku, na wangu humwaga, hulalia na kukojolea karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo naweka gramu 100 kwa kila mmoja. Robota dogo la pembe nne huwa na kilo 15 hadi 25. Wenye simbilisi wawili, robota la kilo 20 litawachukua siku 100. Fanya hesabu hiyo kabla hujashawishika na bei ya marobota matano, kwa sababu swali siyo kama una hela ya kuyanunua, ni kama una pahali pakavu pa kuyalaza miezi yote hiyo. Na yale marobota makubwa ya duara achana nayo. Yana uzito wa mamia ya kilo, mengi hulala nje mvuani, na ukishalifungua huna namna ya kulirudisha ndani.

Nyasi zipi

Nyasi za jamii ya majani membamba ndizo za kila siku: timothi, Rhodes, nyasi za malisho zilizochanganyika, hata shayiri iliyokatwa ingali kijani kabla punje hazijakomaa. Usihangaike sana na jina. Robota safi la nyasi za kawaida ni bora kuliko robota la jina kubwa lenye harufu ya pango.

Alfalfa ni habari nyingine. Ni jamii ya kunde, ina protini nyingi na kalsiamu mara kadhaa kuliko nyasi. Inamfaa simbilisi mchanga chini ya miezi sita, mwenye mimba na anayenyonyesha. Mkubwa akila hiyo kila siku, kalsiamu ile hupitia kwenye mkojo, na simbilisi ni wepesi wa kupata mawe ya kibofu. Zuwena aliwahi kukojoa mkojo wenye tope jeupe kama chaki, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Nyasi zenu zina alfalfa?" Zilikuwa nayo, kama theluthi moja ya robota, na mimi nilikuwa nimefurahia majani yake laini nikidhani nimepata bahati.

Usichanganye pia nyasi kavu na mabua. Mabua ya ngano au shayiri ni yale ya manjano yanayong'aa, matupu katikati kama mrija, yaliyobaki baada ya punje kuvunwa. Hayo ni ya kulalia. Simbilisi anayelishwa mabua tumbo litajaa na mwili utakonda. Na zile nyasi zilizofungwa kwenye plastiki zikiwa na unyevu, zinazonuka uchachu, ni za ng'ombe. Wala usichukue majani yaliyokatwa na mashine ya bustani ukayarundika: huchemka ndani ya saa chache.

Utasikia wakulima wakitaja mkato wa kwanza na mkato wa pili. Wa kwanza huwa na mashina mengi na masuke, mgumu kidogo, wa kusaga meno hasa. Wa pili ni wa majani, laini, na simbilisi huupenda zaidi. Mimi nachukua wa kwanza kwa Tito, ambaye magego yake yamewahi kumsumbua, kisha nawachanganyia wote kiganja cha wa pili ili wasininunie.

Maswali kabla ya mkono kuingia mfukoni

Muulize mwenye shamba, tena kwa utaratibu, kama mtu mwenye nia ya kurudi. Zilikatwa lini? Zilinyeshewa zikiwa zimelala shambani? Zilifungwa robota lini? Shamba limepigwa dawa ya magugu mwaka huu, na ni ipi? Marobota yamelala wapi tangu yafungwe, chini kwenye udongo au juu ya mbao? Mkulima makini hujibu haya bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo maisha yake. Anayesema "aah, ni nyasi tu" muage kwa heshima.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la mwisho: nani mwingine anakula hizi? Akisema ni za farasi, nalegea kidogo. Mapafu ya farasi hayavumilii vumbi na ukungu, na tumbo lake halisamehe, kwa hiyo anayemuuzia mwenye farasi nyasi mbovu hatamuona tena. Ng'ombe huvumilia mengi zaidi, ndiyo maana robota "zuri la ng'ombe" linaweza lisiwe zuri kwangu.

Usinunue robota lililofungwa wiki hii ili ulitumie wiki hii. Nyasi zilizofungwa karibuni bado zinapumua, zinatoa joto na unyevu, na hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Mimi nangoja wiki sita tangu siku ya kufungwa, na napenda kungoja huko kufanyike kwenye banda la mkulima. Nyasi zikifungwa zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 18 au 20, vijidudu vya ukungu huanza kula, kula kwao huzaa joto, na joto hilo halina pa kutokea. Robota linafukuta. Kwenye rundo kubwa la banda, ndani kukifika nyuzi 55 za Selsiasi mkulima huanza kulilinda. Likikaribia 80 ni kazi ya zimamoto, kwa sababu kulifungua ni kuliingizia hewa nalo likalipuka. Robota moja la nyumbani kwa kawaida halina wingi wa kufika huko. Lenyewe huoza kimyakimya, kama la kwangu.

Pua, mkono, nondo na chumvi

Omba robota moja lifunguliwe mbele yako. Ukikataliwa, omba basi kamba moja ilegezwe ili mkono uingie. Rangi ya nje isikupumbaze: upande uliopigwa na jua hupauka ukawa kama nywele za mtu mzima, na ndani bado kukawa kijani. Kinachonitisha ni kinyume chake, nje kijani na ndani kahawia. Kahawia ya tumbaku yenye harufu tamu ya sukari iliyoungua maana yake robota limewahi kuchemka.

Ingiza pua mpaka nyasi zikuchome mashavu, vuta pumzi moja fupi. Nyasi njema zinanuka kama shamba lililokatwa jana, pengine na utamu kidogo wa majani ya chai. Uvundo wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni, au wa ghala la chini ya ardhi, ni ukungu, hata kama huuoni. Ukipiga chafya moja, sawa, nyasi ni nyasi. Ukipiga tatu mfululizo, rudisha. Mwenye pumu avae barakoa au amtume mwingine, kwa sababu vumbi la nyasi zilizovunda lina ugonjwa wake wa mapafu unaowapata wakulima, na hauna mchezo.

Kisha mkono. Chota fungu la unene wa kidole gumba, likunje mara mbili na kulisokota. Nyasi zilizokauka vizuri hupinda, halafu mashina kadhaa hukatika kwa mlio. Zikisokoteka kama kamba bila hata moja kukatika, bado zina maji. Zikipondeka zote kuwa unga, zimekaa mno juani au zimezeeka, na nusu yake itabaki sakafuni. Nyanyua marobota mawili ya ukubwa mmoja. Likiwa moja zito kupita mwenzake kwa namna unayoisikia mgongoni, uliza kwa nini. Huenda limeshindiliwa zaidi. Huenda ni maji.

Nondo ni ujanja wa yule mzee wa farasi. Ana kipande chembamba cha chuma cha urefu wa mkono, anakichomeka hadi katikati ya robota, anaondoka kwenda kupiga soga, anarudi baada ya robo saa na kukichomoa. Anakishika kwa kiganja kuanzia ncha. Chuma kikiwa baridi kama kilivyoingia, anapakia. Kikiwa vuguvugu, anasubiri siku tatu na kurudia. Siku moja nilimuona akikishika na kukiachia palepale, kisha bila kusema neno akaanza kubeba marobota kuyatoa nje ya banda, moja moja, akiyapanga mbalimbali.

Chumvi ni ya nyumbani. Kata nyasi vipande vifupi kwa mkasi, jaza nusu ya chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia kijiko kikubwa cha chumvi laini iliyo kavu, funga, tikisa kwa dakika tatu. Chumvi ikibaki inatiririka kama mchanga, nyasi ni kavu za kutosha kuwekwa. Ikishikamana na kufanya vidonge, zina unyevu unaozidi kama asilimia 15, na haziendi stoo. Nafanya hivi kwa nyasi za katikati na za upande uliokuwa umelalia chini, mara mbili, kwa sababu robota moja linaweza kuwa na tabia mbili.

Ukiwa hapo, tawanya kiganja kikubwa juu ya gunia au karatasi na usome. Ndiyo, usome. Mashina, majani, masuke machache, jani pana la hapa na pale: sawa. Unachokitafuta ni vitu vigeni. Kuna magugu ya maua ya manjano ya jamii ya Senecio ambayo sumu yake huharibu ini na haiondoki kwa kukaushwa. Ubaya wake ni kwamba yakiwa mabichi mnyama huyaepuka kwa uchungu, yakikauka uchungu hupungua naye huyala. Datura yenye matunda ya miiba, na majani ya kangaga pori (bracken), nayo nikiyaona naliacha robota lote, siyo lile fungu tu. Angalia pia masuke yenye vishale vikali vinavyoelekea upande mmoja. Yanaingia ila hayatoki: kwenye fizi, kwenye jicho. Mawingu alikaa wiki nzima jicho moja limefumba kwa sababu ya kishale kisichozidi nusu ya kope. Mavi ya panya, manyoya, mfupa, kipande cha mjusi aliyekaushwa pamoja na nyasi: hapana, asante. Mzoga ndani ya robota unaweza kuzaa sumu kali ambayo huwezi kuiona wala kuinusa.

Kulileta nyumbani na kulilaza

Gari la wazi na anga yenye mawingu ni kamari. Ikibidi, turubai juu wakati wa safari tu, litolewe mkifika. Buti isiwe na harufu ya petroli, mbolea, sabuni au dawa ya wadudu, kwa kuwa nyasi hunyonya harufu na simbilisi huzikataa. Nami nililijua hili baada ya kubeba robota pamoja na kopo la rangi.

Stoo ndiyo panapoamuliwa kila kitu. Nyasi zilizokauka vizuri bado zinataka kupumua, na adui yake mkubwa siyo hewa, ni hewa iliyosimama. Turubai langu la siku ile lilizuia vumbi kweli. Lilizuia na unyevu usitoke. Usiku ukaja, plastiki ikapoa, jasho likaganda chini yake na kudondoka juu ya nyasi, tone kwa tone, kila usiku.

Sakafu ya saruji inaonekana kavu lakini hupandisha unyevu. Ukitaka ushahidi, laza kipande cha kadibodi juu yake wiki moja kisha ukigeuze. Kwa hiyo robota likae juu ya chaga za mbao, sentimita 10 au zaidi kutoka chini, na liachane na ukuta kwa upana wa kiganja pande zote. Mimi nalilaza kwa ubavu, kamba zikiwa ubavuni wala siyo chini. Wengine watakuambia kinyume, na sijaona tofauti kubwa katika robota moja. Juu yake natandika shuka kuukuu la pamba. Linazuia vumbi na mwanga, na pumzi inapita. Mwanga wa jua moja kwa moja hupausha nyasi na kuua virutubisho vyake, basi pembe yenye giza ndiyo nzuri, mradi isiwe pembe ile inayonuka unyevu. Nimetundika kipima unyevu kidogo ukutani. Kikikaa chini ya asilimia 60 nalala. Kikipanda siku tatu mfululizo nafungua dirisha mchana na kuwasha feni.

Huna stoo? Rafiki yangu anaishi kwenye vyumba viwili. Yeye hununua robota moja, hulipasua nje siku hiyohiyo, hulianika kivulini kwa saa chache, kisha hugawa kwenye maboksi ya kadibodi yenye matundu ya ngumi pembeni na foronya za mito, akazisukuma chini ya kitanda na juu ya kabati. Foronya ni kitu cha ajabu kwa kazi hii. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko natumia kwa nyasi za siku mbili tu, na kifuniko sikibani.

Moto nao. Nyasi kavu hazihitaji sababu kubwa. Zisikae karibu na jiko, hita, balbu inayopata joto, chaja, wala pahali watu wanapovutia sigara, na zisizibe njia ya mlango. Nilimkuta mwanangu ameegemeza tochi ya zamani ya balbu, ikiwaka, juu ya robota ili asome. Hatukugombana, lakini tochi iliondoka nyumba hii.

Panya, paka na vumbi linalotembea

Panya akiona robota anaona nyumba na kitanda. Mkojo wake hubeba homa ya mgunda na vijidudu vya kuharisha, na fungu lenye mkojo halisafishiki. Mimi naziba matundu kwa wavu wa chuma, sihifadhi nafaka yoyote chumba kimoja na nyasi, na nategesha mitego. Sumu ya panya situmii, maana panya huibeba na kuificha, na mahali pa kuifichia pazuri kuliko pote ni ndani ya chakula cha simbilisi. Ukifikiri suluhisho ni paka, fikiri pia atajisaidia wapi. Robota kwake ni choo laini, na kinyesi chake kina magonjwa yake.

Utitiri wa nyasi ni mdogo kiasi kwamba utauona kama vumbi. Tikisa kiganja cha nyasi juu ya karatasi nyeusi, weka chini ya taa, ngoja dakika tano bila kupumulia. Vumbi likianza kutembea, siyo vumbi. Hapo tia nyasi kwenye mfuko, funga kabisa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tatu. Ukiutoa, usiufungue mpaka upate joto la chumba, ili umande ugande nje ya mfuko na nyasi zibaki kavu. Sigandishi robota zima, hakuna friza hiyo. Nafanya mfuko mmoja mmoja, na robota lenye utitiri mwingi silichukui kabisa. Ila friza haitibu ukungu. Wala jua halitibu. Nyasi zenye ukungu ukizianika zitakauka, na ukungu utakauka nazo na kuwa vumbi jepesi zaidi la kuvutwa puani.

Siku ya kulifungua

Fungulia nje, upepo ukiwa mgongoni. Kata kila kamba karibu na fundo na uivute yote kwa mara moja. Zihesabu: kama robota lilikuwa na mbili, mkononi ziwe mbili. Kipande cha nailoni cha urefu wa kidole kikimezwa kinaweza kuziba utumbo, na kikimzunguka mguu kinakata. Nyasi zitaachana zenyewe kwa tabaka, kama kurasa. Beba tabaka moja, litikise mara tatu, lipekue kwa vidole, ndipo liingie kwenye boksi la ndani. Nikikuta tabaka moja lenye alama nyeupe ya ukungu la ukubwa wa sarafu, naliondoa pamoja na matabaka mawili kila upande. Nikikuta la pili, robota limekwisha kwangu.

Robota jipya usiwape ghafla. Siku ya kwanza nachanganya robo na nyasi za zamani, naongeza kidogo kidogo kwa wiki moja hadi siku kumi. Kwa hiyo agiza robota linalofuata lililopo lingali na wiki tatu. Wiki hiyo ya mpito nawapima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, badala ya mara moja kwa wiki kama kawaida, na naangalia mavi: yawe mengi, magumu, ya umbo la punje ndefu. Yakiwa madogo au machache, chakula hakipiti. Chafya mfululizo, jicho lenye majimaji, pua yenye ute, au simbilisi anayezinusa nyasi na kugeuka kando, naziondoa na kurudisha za zamani. Wao pua zao ni nzuri kuliko yangu. Mawingu ameshakataa fungu ambalo mimi nililipitisha, na nilipolipekua upya nikakuta kiganja kimoja chenye harufu ya mkojo wa panya.

Robota likihifadhiwa hivi linakaa mwaka. Rangi itafifia na harufu itapungua, lakini nyuzinyuzi hazipungui. Mimi naandika tarehe ya kukatwa kwenye kipande cha kadibodi na kukifunga kwenye chaga, kwa sababu kila robota likifika miezi minne naapa nililinunua mwezi jana.

Mabaki, yale ya chini yaliyobaki unga pamoja na yaliyolaliwa, yanakuwa mboji nzuri, kwa sharti moja. Dawa fulani za magugu zinazopigwa kwenye malisho, kama aminopiralidi na klopiralidi, hubaki kwenye nyasi kavu na hata hupita tumboni mwa mnyama na kutoka kwenye mavi zingali na nguvu ya kuharibu mimea. Ndiyo maana namuuliza mkulima amepiga dawa gani. Na bado napima: mboji kidogo kwenye chungu kimoja, udongo mtupu kwenye kingine, mbegu tatu za maharage kila chungu, wiki tatu. Majani ya chungu cha mboji yakijikunja kama kijiko na shina kujisokota huku mwenzake amenyooka, mboji ile naitandaza kwenye majani ya uwanjani, ambayo hayadhuriki nayo, na mboga zangu zinangoja robota jingine.